Mnara wa Mabua

Jengo lile lilijengwa kwanza kwa mabua ya mahindi, juu ya meza ya chakula, na kwa wiki tatu watu wa nyumba ile walikula mkekani. Hawakulalamika. Tunduma ya mwaka 1954 haikuwa na ghorofa hata moja. Ilikuwa na kituo cha forodha, maduka machache ya bati na soko la wazi lenye matope ya kufika vifundoni, basi. Sasa ghorofa la kwanza lilikuwa limesimama sebuleni kwa Anania fundi, likinukia kama shamba lililovunwa jana, na majirani walibisha hodi kwa kisingizio cha kuomba chumvi ili wapate kulitazama.

Anania aliyakata mabua kwa wembe na kuyaunga kwa miiba ya mlimau. Lilikuwa jengo la pande nne lenye uwanja wazi katikati. Chini aliweka maduka na ghala la kahawa la chama cha ushirika. Juu aliweka mahakama ya Mwene, chifu wa eneo lile, ofisi za makarani na chumba cha kulipia kodi. Upande wa ndani wa ghorofa alitoa roshani ndefu, ili wazee wa baraza waketi wakiwatazama watu wao chini uwanjani. Uwanja wenyewe ungesakafiwa kwa mawe, na wanawake wote wa sokoni wangehamia humo, waachane na matope. Lango lilikuwa moja tu, pana, likielekea barabara ya Mbeya. Na pembeni, juu ya yote, uliinuka mnara wa saa. Mnara ule Anania aliubomoa na kuujenga upya mara sita. Hakuna aliyemwomba auhangaikie kiasi hicho, ila yeye alikuwa ameshausikia moyoni ukigonga saa sita mchana, na watu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wakisimamisha majembe kuusikiliza.

Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, alikuja mwenyewe kuuona mfano huo. Aliinama, akafumba jicho moja, akachungulia langoni.

"Lango moja," alisema. "Nzuri sana. Kinachoingia tunakijua, kinachotoka tunakijua. Fundi, hii ni kazi ya mtu aliyesoma."

Maneno hayo Anania alimsimulia mke wake mara nne kabla jua halijazama, na mara zote nne Yunisi aliyasikiliza kama mapya. Aliona fahari, na alikuwa na haki ya kuiona. Mumewe alianza maisha kwa kukanyaga udongo wa matofali misheni, na leo Mzungu alikuwa ameinama mbele ya meza yao.

Yunisi mwenyewe aliuza uji wa ulezi sokoni. Baridi ya Tunduma mwezi wa Juni si ya mchezo, na jua lilipochomoza madereva wa malori na wasafiri wa mpakani walikuwa wamekwisha kukizunguka chungu chake, mikono kwapani. Kwa uji huo Nesta, binti yao, alikuwa akisoma shule ya bweni, na kwa uji huo nyumba ilikula miezi ile ambayo ujenzi hulala kwa ajili ya mvua.

Hapa kuna jambo moja ambalo mgeni wa nyumba hii lazima aambiwe. Baba yake Anania, mzee Amoni, alikuwa mmoja wa wazee watano wa baraza. Alikuwa Mndali wa milima ya Ileje, kama ukoo wao wote, na aliishi Chapwa, mwendo wa saa nzima kwa miguu yake, ingawa kwa mwanawe palikuwa na nafasi. Asingeweza kukaa ua mmoja na mkamwana wake. Kwa desturi yao, baba mkwe na mke wa mtoto hawaonani. Yunisi alikuwa ameolewa miaka kumi na mitatu na hakuwahi kuuona uso wa mzee huyo. Mara moja tu aliona fimbo na kisigino. Hawakutajana majina. Kila mzee alipopita njiani alikohoa mara tatu, na Yunisi, akisikia, aliingia majanini na mzigo wake kichwani mpaka mzee apite, wala hakutoa sauti. Wote wawili walikuwa Wakristo wa kushiriki meza ya Bwana, na mchungaji, ambaye naye alikuwa na wakwe, aliona afadhali baba wakwe watokee mlango wa nyuma baada ya ibada. Usidhani ilikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na wenyewe waliihesabu kuwa upendo.

Kila Jumamosi Yunisi alipika chakula cha mzee, na Loisi, mama mkwe wake, alikuja kukichukua akakibeba mpaka Chapwa. Kilifika kimepoa.

"Mwenzako anajua kupika," mzee Amoni alizoea kumwambia mwanawe. "Ila mimi na moto wa jiko lake hatujakutana bado."

*

Ilikuwa Jumanne mchana. Anania alikuwa akizipaka chokaa kuta za mabua, Yunisi akichambua maharage kwenye ungo. Mara akainuka, akachota maharage kiganjani, akaanza kuyapanga ndani ya uwanja, moja moja.

"Unafanya nini tena, Mama Nesta?"

"Nawaweka wanawake. Huyu Felista na viazi vyake. Huyu Jenista wa vitunguu. Huyu mimi na chungu changu." Akachukua punje ya hindi. "Na wazee wanakaa wapi?"

Anania akamwonyesha roshani. Yunisi akaiweka punje ile juu, katikati, kisha akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa akimngoja mumewe aone mwenyewe.

"Imependeza," Anania alisema.

"Baba Nesta, mzee wa Chapwa ataketi hapa. Mimi nitakuwa hapa chini yake. Nitatazama wapi?"

"Utatazama uji wako."

"Na yeye je? Si umemweka pale autazame uwanja? Na akishuka atapita wapi, kama si kwenye lango hili hili? Leo nikisikia kikohozi sokoni nina pande nne za kukimbilia. Humu umeniachia upande mmoja, na ndio anaoingilia."

Anania aliutazama uwanja wake wa mabua. Ukweli ni kwamba hakuwa amelifikiria jambo hilo hata kidogo. Mama mkwe wake yeye aliishi Ileje, siku tatu kwa miguu, na katika maisha yake hakuwahi kujitupa majanini na chungu cha moto kichwani. Soko la wazi kwake lilikuwa matope tu. Hakujua kwamba kwa wanawake lilikuwa pia njia za kujisetiri. Hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa amesifiwa, na mtu aliyesifiwa juzi ni vigumu kukosolewa leo, tena na mtu mwenye ungo mkononi.

"Hayo ni mambo ya porini," alisema. "Mji unakuja. Watu watazoea."

"Nani atazoea? Baba yako?"

"Bwana Shauri ameshakubali, Mama Nesta. Nimwambie nini, kwamba mke wangu amekataa? Wewe uza uji. Ramani niachie mimi."

Yunisi aliyakusanya maharage yake, moja moja, akarudi kwenye ungo. Punje ya hindi aliiacha palepale roshanini.

*

Bwana Shauri alitaka watu wauonje uwanja kabla msingi haujachimbwa. Basi kamba zikavutwa, vigingi vikapigiliwa, na kufuata kamba hizo ukasukwa uzio wa matete uliozidi kimo cha mtu, wenye lango moja. Mahali ambapo roshani ingekuwa, mafundi walisimamisha jukwaa la mbao. Jumamosi ya gulio wanawake waliamriwa waingie humo na bidhaa zao, askari wa baraza wakasimama langoni. Saa nne Mwene na wazee wake wangekuja kwa sala na kuweka jiwe la kwanza.

Wanawake waliingia, wapata sitini. Waliutazama uzio, kisha wakatazamana. Felista wa viazi, ambaye baba mkwe wake naye alikuwa mzee wa baraza, alimsogelea Yunisi.

"Shoga, mumeo ametujengea soko au zizi?"

Yunisi aliinama akachochea moto wake, na ndani ya kifua chake aibu ya mumewe ilimkaa kama yake mwenyewe.

Kikohozi kilisikika langoni. Mara moja. Mara ya pili. Yunisi alikuwa amekwisha kusimama kabla ya mara ya tatu. Alikimbilia kushoto, matete. Akageuka kulia, matete. Wanawake wengine pia walikuwa wakihangaika, maana wazee watano wale walikuwa baba wakwe wa nusu ya soko, na vitunguu vilikuwa vikiviringika miguuni mwa watu. Yunisi hakuona pa kwenda. Akajitupa chini nyuma ya chungu chake na kujivutia gunia tupu kichwani, na katika kujivuta huko akakipiga chungu kwa goti. Uji ulimwagika wote juu ya mguu wake wa kulia.

Hakulia. Aliuma gunia kwa meno. Angelia, mzee angeisikia sauti yake, na hilo kwake lilikuwa baya kuliko kuungua.

Mzee Amoni alikuwa amefika hatua tatu ndani ya lango. Aliliona gunia likitetemeka, akauona uji ukitoka moshi ardhini, akaelewa. Kurudi nyuma hakuweza, kwa kuwa Mwene na Bwana Shauri walikuwa wakiingia. Basi akaugeukia uzio, akavua kofia, akasimama akiyatazama matete, mgongo wake kwa watu wote. Mzee aliyeamua kesi za watu kwa miaka ishirini alisimama pale kama mtoto wa shule aliyeadhibiwa. Askari mmoja, akidhani amepotea, alimshika mkono.

"Huku, mzee. Jukwaa liko huku."

Hakutikisika.

"Anaumwa huyu?" Bwana Shauri aliuliza.

Karani wake, Damiano, kijana wa kutoka mbali, alitabasamu. "Anaogopa wanawake, Bwana." Watu wawili watatu wakacheka.

Anania alikuwa jukwaani, ramani mkononi. Aliliona gunia na aliuona mgongo, na aliwajua wote wawili. Alitaka kuruka chini. Lakini Bwana Shauri alikuwa akimwita aje aonyeshe mahali pa jiwe, na Anania akaenda, akaonyesha mahali pa jiwe. Aibu hiyo aliikumbuka mpaka uzeeni. Aliyeng'oa matete upande wa nyuma na kumtoa Yunisi akichechemea hakuwa yeye, alikuwa Felista.

*

Gulio lililofuata uwanja ulikuwa mtupu. Askari walilinda lango lisiloingiwa na mtu. Wanawake walikuwa wamevuka mpaka kwa utulivu kabisa, hatua mia moja tu, wakapanga viazi na vitunguu vyao upande wa Nakonde, katika nchi nyingine, Rhodesia, chini ya serikali nyingine. Wateja wakawafuata. "Karibuni, mukwai," walisema kwa heshima wenyeji wa kule, kwa lugha yao, wengi wao ndugu zao, na wakawasogezea nafasi. Yunisi naye alivuka, mguu umefungwa kitambaa, chungu kipya kichwani.

Bwana Shauri alimwita Anania ofisini na kumwacha amesimama.

"Soko langu liko Rhodesia, fundi."

"Ndiyo, Bwana."

"Ijumaa ni baraza. Uniletee ramani ambayo wanawake wataingia ndani yake. Usipoleta, nitamwandikia mhandisi wa Mbeya achore nyingine, na wewe utarudi kwenye kufyatua matofali. Umeelewa?"

Alikuwa ameelewa. Damiano alimsindikiza mlangoni. "Kazi ya mtu aliyesoma," alimnong'oneza, akafunga mlango taratibu.

Nyumbani Yunisi alikuwa kwenye kigoda, akibadilisha kitambaa cha mguu. Ngozi ilikuwa imetoka kwa upana wa kiganja. Anania alichuchumaa mbele yake, akakitwaa kitambaa mkononi mwake, akaanza kuuosha mguu ule kwa maji ya vuguvugu.

"Uliniambia," Anania alisema mwishowe. "Nikakunyamazisha. Na pale uwanjani niliona gunia, Mama Nesta. Niliona, nikaogopa. Nisamehe."

Yunisi aliyatazama maji. Machozi yalimlengalenga, nayo hakuyaficha.

"Nimekusamehe. Lakini pole haitanitoa mle ndani siku nyingine. Nataka mlango."

*

Alhamisi asubuhi kikohozi kilisikika nje ya ua, mara tatu. Yunisi akaingia jikoni, akafunga mlango. Jiko lao lilikuwa kibanda cha fito na udongo, pembeni mwa nyumba. Loisi alimfuata ndani humo, na mzee Amoni akaketi nje, mgongo wake kwenye ukuta wa jiko, fimbo magotini. Anania akautoa mfano wa mabua uani, akauweka juu ya kinu mbele ya baba yake. Uani pa nyumba ile hapakuwahi kufanyika mkutano wa namna hiyo: mzee alimwambia mwanawe, mwana akauambia ukuta, Yunisi akamnong'oneza Loisi, na Loisi akapaaza sauti.

"Muulize mwenzako mguu unaendeleaje," mzee alisema, kwa sauti ambayo hata jirani alipata habari.

"Baba anauliza mguu unaendeleaje."

Mnong'ono ukapita ndani. "Anasema unapona, anashukuru," Loisi aliitikia. "Anasema anaomba radhi kwa siku ile."

"Aombe radhi yeye!" Mzee alipiga fimbo chini. "Mwambie mimi ndiye niliyekohoa mahali pasipo pa kukimbilia. Nimekohoa miaka yote hii ili watu wapate nafasi ya kupita. Siku ile nilikohoa nikamuunguza mtoto." Akainama, akautazama mfano, na alipoanza tena ilikuwa sauti ya barazani. "Nani alikuomba utuweke juu ya vichwa vya wakwe zetu?"

"Nilifikiri wazee wangependa kuwaona watu wao, Baba."

"Mimi nikitaka kumwona mtu, namwita shaurini. Roshani igeuze itazame barabara. Tuwaangalie wasafiri, inatosha."

"Anasema," Loisi alidakia kutoka jikoni, "na ngazi iwe nje, upande wa nyuma, msipite uwanjani kabisa. Na milango iwe mitatu. Mmoja barabarani, mmoja upande wa mpaka, mmoja upande wa mashamba. Anasema huo mmoja si mlango, ni mtego."

Mzee Amoni akatikisa kichwa kwa kukubali. "Mwambie amenena."

Anania alikuwa amekwisha kuchukua kamba yake ya vipimo. Aliipitisha hapa na pale juu ya mabua, midomo ikimchezacheza. Ngazi ya nje ilihitaji mawe na saruji. Milango miwili zaidi ilihitaji vizingiti na nguzo. Saruji ya kazi nzima ilikuwa imeshaletwa kutoka Mbeya na kufungiwa ghalani, na hakuna mfuko ambao ungeongezwa. Macho yake yakapanda taratibu mpaka pembeni, juu. Mzee aliyafuata.

"Huu unakula saruji kiasi gani?"

"Nyingi, Baba."

Kuku alipita kando ya kinu.

"Ni mzuri," mzee alisema kwa upole. "Mimi sijasema ubomolewe."

"Najua, Baba."

Mzee aliinuka kama mtu anayetaka kwenda, akaketi tena. Alikuna goti. Kwa mzee aliyezoea kuamuru, alianza kusema kwa shida kweli.

"Muulize tena. Lakini kama ni taabu, aseme. Hiyo ngazi ikipita nyuma ya mahali pake pa kuuzia, si patakuwa na ukuta katikati? Ukutani pakiwekwa kidirisha, chenye kifuniko cha mbao. Mtu wa ndani anaweka bakuli, anagonga, anaondoka zake. Mtu wa nje anafungua. Hakuna anayemwona mwenzake." Akakohoa, safari hii kikohozi cha kweli. "Ni wazo tu."

Anania aligeukia ukuta ili aseme, lakini hakukuwa na haja. Ndani pakasikika sauti ya kitu kuanguka, labda mwiko.

"Anasemaje?" mzee aliuliza.

"Hajasema kitu," Loisi alijibu. "Analia." Akangoja kidogo. "Sasa amesema. Anauliza, je, mzee anaupenda uji mzito au mwepesi? Maana miaka kumi na mitatu hakuna aliyemwambia."

*

Ijumaa Anania aliuweka mfano mezani mbele ya Mwene, Bwana Shauri na wazee watano. Alikuwa amefungua milango miwili mipya kwa wembe, na ngazi ya vijiti ilikuwa imeegemea ukuta wa nyuma.

"Mitatu?" Bwana Shauri alikunja uso. "Tulikubaliana lango moja."

"Tulikubaliana, Bwana, na mimi nilikosea." Anania aliona kalamu ya Damiano ikisimama hewani. Aliendelea kabla hajakosa ujasiri. "Nilichora uwanja bila kuwauliza watakaoutumia. Mke wangu aliniambia kasoro yake, mezani kwetu nyumbani, nikamwambia auze uji. Kwa hiyo ameungua mguu, na mzee mmoja wa baraza hili amechekwa hadharani. Mwenye kosa ni mimi. Desturi si kosa."

Si kawaida mwanamume kumtaja mkewe barazani namna hiyo, na wazee wawili walitazama chini. Mzee Amoni hakutazama chini. Alikuwa akimtazama mwanawe.

Bwana Shauri alimgeukia Mwene. Mwene alisema kwa ufupi kwamba yeye ana wakamwana wanane, na roshani ile ya kwanza asingeikalia hata siku moja, ila tu hakuna aliyemuuliza.

"Saruji ni ile ile," Bwana Shauri alisema. "Siwezi kuongeza hata mfuko mmoja."

"Najua, Bwana."

Anania aliushika mnara kwa mikono miwili. Miiba ya mlimau ilikuwa imeshika sawasawa, maana alikuwa ameiunga kwa mapenzi, na ilitoka mmoja mmoja ikialika. Akaunyanyua, akaulaza mezani karibu na kidau cha wino. Bila mnara jengo lilionekana fupi, pana, la kawaida.

"Nasikitika," Bwana Shauri alisema, na alionekana kusikitika kweli. "Mnara ndio ulionipendeza."

"Hata mimi, Bwana."

Muhuri ukapigwa.

*

Jengo lilifunguliwa Juni ya mwaka wa pili. Ukutani paliwekwa jiwe lenye jina la Bwana Shauri mpya, aliyekuwa na miezi mitatu tu nchini. Jina la Anania halikuwapo popote. Watu waliokuja kutoka Mbeya waliuliza kwa nini ghorofa zuri namna ile halina kitu juu, mbona linafanana na mtu aliyesahau kofia, na Anania aliwajibu kwamba ndivyo lilivyochorwa. Yalimchoma, asingekuwa mkweli kama angekana. Mnara wa mabua ulikuwa nyumbani kwake, juu ya kabati, na Nesta alikuwa hodari wa kuufuta vumbi wakati wa likizo.

Lakini uwanja ulijaa. Waliingia kwa milango yote mitatu, kutoka barabarani, kutoka mashambani, na kutoka Nakonde pamoja na wateja waliowapata kule. Mawe ya sakafu yalikuwa makavu. Felista aliipiga teke sakafu, akasema sasa hili ni soko. Kwenye ukuta wa nyuma Yunisi alikuwa na jiko lake, na usawa wa kifua chake kulikuwa na kidirisha kidogo chenye kifuniko cha mbao ya mninga, ambacho Anania alikichonga mwenyewe, hakumwachia fundi mwingine.

Kikohozi kilisikika upande wa pili, kwenye ngazi. Mara tatu. Hakikuhitajika tena, lakini mzee hakuweza kupanda bila hicho. Wanawake kadhaa waliinuka kwa mazoea, kisha wakacheka wakaketi. Yunisi hakuinuka. Aliendelea kukoroga. Alichota uji, mzito, akajaza bakuli mpaka ukingoni, akalitia kidirishani, akafunga, akagonga mara mbili, akarudi hatua tatu nyuma na kuipa mgongo ile mbao.

Anania alikuwa chini ya ngazi, nje, akijifanya anakagua mawe. Alimwona baba yake akifungua kidirisha na kulitoa bakuli kwa mikono yote miwili. Mzee alilitazama. Moshi ulimpanda usoni katika baridi ile ya asubuhi. Kisha akalipeleka mdomoni na kunywa funda kubwa, kama alivyozoea kunywa miaka yote, bila kupuliza, akaungua ulimi.

Wenzake waliokuwa juu waliinama juu ya ngazi kumwuliza ana nini, mbona machozi yanamtoka. Mzee Amoni alilishikilia bakuli kifuani, akipumua kwa mdomo.

"Ni wa moto," alisema. Akasema tena, kwa sauti, ili asikike ng'ambo ya ukuta. "Jamani, ni wa moto."